Kompyuta Iliyopenda Mjini

Nyumba ya Ishaka iko Likoni, nyuma ya soko. Mlangoni pana kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya buluu: HAPA TWACHAPA BARUA, MAOMBI YA KAZI NA KADI ZA HARUSI. Rangi imechuruzika kidogo kwenye neno la mwisho. Ishaka alikiandika mwenyewe, na Ishaka hana subira ya kungoja kitu kikauke.

Lakini mwenye kazi hakuwa Ishaka. Mwenye kazi alikuwa mkewe, Mwanarehema.

Mambo haya yalitokea mwaka wa 1994. Siku hizo kompyuta zilikuwa chache mtaani. Watoto walikuja dirishani kuitazama ya nyumba hii kama watu watazamavyo ng'ombe wa sikukuu. Ishaka alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo bandarini. Ofisi ilipoleta kompyuta mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, naye akachukua moja pamoja na printa yake. Mwanarehema alikuwa akichapa kwa taipureta ya kukodi. Alijifunza kompyuta polepole, na alipokwisha kuijua, taipureta akairudisha kwa mwenyewe.

Uzuri wa kompyuta aliuona kwenye kadi za harusi. Kwa taipureta, kadi mia huchapwa mara mia. Kwa kompyuta aliandika maneno mara moja tu, kisha akabadilisha jina la mwalikwa kwenye kila kadi. Printa ilipiga kelele, kadi zikatoka, watu wakafurahi.

Mwanarehema alivaa bangili mbili za dhahabu. Alizirithi kwa mamake, Mungu amrehemu. Akichapa, bangili ziligongana zikalia. Huko jikoni, mama mkwe wake, Bi Mwanatatu, alikuwa akizisikia.

"Nikisikia bangili," alikuwa akisema, "najua riziki yaingia."

Bi Mwanatatu aliipenda kompyuta ile ingawa hakuwahi kuigusa. Aliipa heshima yake. Sanduku la kompyuta lililala mezani, na kioo chake kilikaa juu ya sanduku. Kati ya sanduku na kioo Bi Mwanatatu alitandika kitambaa kizito alichokidarizi kwa mkono, maua mekundu na majani ya kijani. Kitambaa kiliangukia pande zote. Mbele kilikunjwa kidogo ili diski ipite. Nyuma kilishuka mpaka chini ya meza.

Na kila jioni, kabla ya magharibi, alitia makaa kwenye chetezo, akatia udi, akakizungusha chumbani. Udi wake aliupika mwenyewe kwa sukari na mafuta mazuri. Akimaliza kufukiza, alikiweka chetezo chini ya meza ya kompyuta, moshi upande taratibu.

Wateja walisifu. "Mashallah! Ofisi yanukia kama chumba cha bibi harusi."

Bi Mwanatatu alitabasamu. Nani asingetabasamu?

Basi ulifika mwezi wa Shaaban. Nyinyi watu wa pwani mwajua. Ramadhani ikikaribia, harusi hukimbizana, kwa kuwa hakuna atakaye kungoja mpaka mfungo uishe. Kadi zilikuwa nyingi. Joto la kaskazi nalo lilikuwa kali, hata kuku walilala chini ya mtungi.

Siku moja Bi Mwanasaumu, jirani wa mtaa wa pili, alikuja kuchapisha kadi za harusi ya mwanawe. Alikaa kwenye kiti, akawa anataja majina, na Mwanarehema anaandika.

"Andika Bwana Lewa na familia. Andika Bi Nduku na mumewe. Andika..."

Kioo kikawa cheusi.

"Mbona umezima?" akauliza Bi Mwanasaumu.

"Sijazima mimi."

"Basi stima imepotea."

Mwanarehema akatazama juu. "Taa yawaka."

Alibonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Majina yote aliyoyaandika tangu asubuhi yalipotea, kwa kuwa hakuwa ameyahifadhi. Alingoja muda mrefu, akajaribu tena, kompyuta ikawaka kama kwamba haikufanya kosa lolote. Akaanza upya. Baadaye ikazimika tena.

Ishaka aliporudi kutoka kazini, mkewe alimweleza. Ishaka hakufikiri sana.

"Imezeeka," alisema. "Kitu kikizeeka hutupwa. Tununue nyingine."

"Tununue kwa nini? Kwa kokoto?"

"Basi kwanza niipeleke mjini. Kuna duka moja lina fundi."

Siku ya pili waliifunga kompyuta kwa leso mbili na mto, wakaipakia kwenye mkokoteni. Kitambaa cha Bi Mwanatatu kilibaki nyumbani, kisije kikachafuka. Ishaka alitembea ubavuni mwa mkokoteni mpaka kwenye feri, huku ameweka mkono juu ya sanduku. Watu kwenye feri walimpa pole. Walidhani kuna mgonjwa.

Kule dukani, fundi aliiweka juu ya meza tupu karibu na dirisha, akaiwasha. Ilifanya kazi asubuhi. Ilifanya kazi adhuhuri. Ishaka alikaa akaitazama mpaka shingo ikamuuma. Haikuzimika hata mara moja.

"Haina ugonjwa," alisema fundi. "Ina uzee tu. Mimi ningekuwa wewe, ningenunua ile pale." Akaonyesha kompyuta mpya, nyeupe, inayong'aa. Ishaka aliitazama sana. Hata alipokuwa akiondoka aligeuka kuitazama.

Mkokoteni ukavuka tena feri. Kompyuta ikarudishwa mezani, kitambaa kikatandikwa, kioo kikawekwa juu. Asubuhi yake Mwanarehema alichapa kadi kumi na kitu. Kabla ya adhuhuri, kioo kikawa cheusi.

Ishaka alipopata habari alicheka kwa uchungu. "Sasa nimeifahamu. Kompyuta hii yapenda mjini. Likoni haiitaki."

Maneno hayo yalizunguka mtaa. Kuna waliocheka. Kuna waliosema kwamba kitu kinachopona ng'ambo na kuugua Likoni kina jambo ndani yake, tena si jambo dogo. Bi Mwanatatu naye tangu siku ile alianza kufukiza asubuhi na jioni. Aliweka chetezo karibu zaidi, akasoma dua, akapeperushia moshi kwenye sanduku kwa kipepeo cha ukindu. Alimpenda mkamwana wake, na hiyo ndiyo dawa aliyoijua.

Kompyuta ikazidi kuwa mbaya. Sasa ilizimika kila baada ya kadi chache.

Bi Mwanasaumu akaja. Alikuwa mwanamke wa adabu, hakupandisha sauti.

"Mwanangu Mwanarehema, harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kadi ziko wapi?"

"Nipe siku mbili, mama."

"Nakupa mbili. Zikipita hizo, nitavuka feri nichapishe mjini. Usinikasirikie."

Mwanarehema alimsindikiza mlangoni, kisha akarudi akakaa mbele ya kioo. Alijua vizuri mambo ya wateja. Aliyevuka feri mara moja akatendewa vyema, harudi. Akiondoka Bi Mwanasaumu, wataondoka na jamaa zake wote. Na kazi hii ilikuwa yake. Hakupewa na mtu, aliijenga kwa vidole vyake.

Akaenda uani, akapaka mikono sabuni, akavua bangili. Ya kwanza ilitoka upesi. Ya pili ilikataa, akaivuta mpaka mkono ukawa mwekundu. Akazifunga kwenye pindo la leso. Kisha akarudi kuchapa kidogo, kabla mashine haijazimika tena.

"Mwanarehema!" Sauti ilitoka jikoni.

"Abee, mama!"

"Mbona nasikia kuchapa, na sisikii bangili?"

Mwanarehema akashika pindo la leso. "Nimezivua, mama. Kesho nazipeleka kwa sonara. Tukiongeza na fedha za Ishaka, tutapata kompyuta mpya."

Akasikia makaa yakikorogwa jikoni. Bi Mwanatatu alikuwa anatia udi mwingine.

Jioni hiyo hiyo, hodi ilipigwa mlango wa uani. Alikuwa Mbeyu, jirani aliyepanga chumba nyumba ya pili. Alikuwa amekuja kurudisha mbuzi ya kukunia nazi. Mbeyu alitoka upande wa Kaloleni, na kila alfajiri alivuka feri kwenda kazini Changamwe. Mtaani walijua tu kwamba anafanya kazi "ya kompyuta". Wote walidhani anachapa barua za mabwana. Mwanamke na kompyuta, angefanya nini kingine? Hivyo ndivyo watu walivyofikiri, wala hakuna aliyemuuliza.

"Shikamoo, mama," Mbeyu alimwamkia Bi Mwanatatu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mbeyu akamtazama Mwanarehema. "Dada, leo mikono mitupu?"

Mwanarehema akamweleza yote, kuanzia kioo cheusi hadi mkokoteni. Mbeyu alisikiliza. Mwanarehema alipofika kwenye habari ya mjini, Mbeyu alimkatiza.

"Ngoja. Mjini ilifanya kazi kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Na hapa yazimika?"

"Kila siku. Ishaka asema yapenda mjini."

"Na wewe wataka kuuza bangili za mamako kabla hujajua yaumwa nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Wewe mwenyewe si wachapa tu kama mimi?"

Mbeyu akacheka mpaka akashika nguzo. "Kuchapa? Wallahi, mimi hutumia vidole viwili tu! Mimi sichapi, dada. Mimi huzitengeneza. Zikiharibika kompyuta za kampuni, huitwa mimi."

Mwanarehema naye akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Kesho usiende kwa sonara," alisema Mbeyu. "Nikitoka kazini nitapita. Mtu akipona hospitali na kuugua akirudi kwake, usimlaumu yeye. Tazama nyumba yake."

Kesho yake, jioni ilipokaribia, Mbeyu alikuja na mkoba wa vyombo. Ishaka alikuwa amerudi mapema. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Bado alikuwa na ile kompyuta nyeupe machoni mwake.

"Kwanza," Mbeyu alimwuliza Mwanarehema, "kazi zako zimewekwa wapi?"

"Humo ndani ya kompyuta."

"Na nje?"

"Nje wapi?"

Mbeyu akatoa diski nyembamba kwenye mkoba. "Kabla ya kushika bisibisi, twaweka nakala. Mashine hununuliwa, ikiharibika hupatikana nyingine. Kazi yako ya mwaka mzima yauzwa duka gani?"

Waliwasha kompyuta ikiwa imepoa, wakaweka nakala ya kila kitu. Kadi zote, barua zote, na majina ya wageni wa Bi Mwanasaumu.

"Hizi usiziweke karibu na redio," alisema Mbeyu, "kwa sababu ya sumaku iliyomo kwenye spika. Na kila ukimaliza siku, weka nakala. Ukichapa, hifadhi kila baada ya muda kidogo. Usingoje mpaka mwisho. Haya, sasa fanya kazi kama kawaida. Mimi nitakaa nitazame."

"Hutaifungua?" aliuliza Ishaka.

"Sijui bado kama yafaa kufunguliwa."

Mwanarehema akachapa. Mbeyu alikaa akitazama. Jua lilishuka, na Bi Mwanatatu akaingia na chetezo chake kama ilivyo desturi. Akazunguka chumba, akasoma dua yake polepole, akainama akaweka chetezo chini ya meza. Moshi ukapanda nyuma ya kitambaa.

Mbeyu aliinua pindo la kitambaa, akautazama moshi. Ulipofika kwenye sanduku haukupanda tena. Ulizuiwa na kitambaa, ukaingia ndani kupitia matundu madogo ya ubavuni. Akapeleka mkono wake nyuma, chini ya kitambaa, na papo hapo akautoa.

"Moto kama kikaango," alisema.

Kioo kikawa cheusi.

Mbeyu akachomoa plagi ukutani. Akaomba kioo kiondolewe, kitambaa kikunjwe, sanduku liachwe lipoe. Kisha akalegeza skurubu, akainua kifuniko.

Harufu ya udi ikajaa chumbani. Haikutoka chini ya meza. Ilitoka ndani ya kompyuta.

Wote wakasogea. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi, zito, lenye kunata, limetanda juu ya kila kitu. Nyuma ya sanduku kulikuwa na feni ndogo. Mbeyu aliisukuma kwa ncha ya kalamu. Haikuzunguka. Moshi wenye sukari na mafuta ulikuwa umeigandisha.

"Kompyuta ikifanya kazi hutoa joto," alieleza. "Feni hii kazi yake ni kulitoa nje. Hewa baridi huingia kwa matundu haya, joto hutoka nyuma. Hapa matundu yamefunikwa na kitambaa, na feni imeshikwa na masizi. Joto halina pa kutokea. Likizidi sana, mashine hujizima isiungue. Mjini haikuwa na kitambaa, dirisha lilikuwa wazi, na feni ilikuwa bado haijaganda kabisa, ikamudu. Huo ndio ugonjwa wake. Haina jini, wala haipendi mjini."

Ishaka aliangua kicheko. "Mama! Umeifukiza mpaka imelewa!"

Hakukusudia ubaya. Lakini kuna maneno ambayo yakishatoka kinywani hayarudi. Bi Mwanatatu hakucheka. Aliinama akachukua chetezo chake, akakitazama, akatoka nacho uani.

Mwanarehema akamtupia mumewe jicho, kisha akamfuata mama mkwe wake.

Alimkuta amekaa kwenye mbuzi ya nazi, anamwaga makaa mchangani moja moja.

"Mama."

"Nilikuwa naiua," alisema Bi Mwanatatu. "Wewe wavua bangili za marehemu mamako, na mimi ndiye niliyekuwa nikikuvua. Kila nikiona yazimika, naongeza udi. Kila nikiongeza, yazidi kuzimika."

Mwanarehema akakaa mchangani mbele yake. Alimshika mikono. Ilikuwa bado ina moto wa makaa.

"Mama, mimi naikalia kompyuta ile kutwa. Nimeona kitambaa, nimeona moshi. Sikuuliza. Ishaka aliivusha feri, hakuuliza. Hata fundi wa mjini hakuuliza nyumbani yakaa vipi. Wewe uliiombea. Ni wewe peke yako katika nyumba hii uliyeifanyia jambo."

"Jambo baya."

"Jambo la mapenzi ambalo halikuwa na mafunzo. Sasa mafunzo yamekuja."

Bi Mwanatatu alijipangusa macho kwa pindo la leso. Kisha akairudisha mikono yake mikononi mwa mkamwana wake.

Huku ndani, Ishaka alikuwa amejaa haya, na mwenye haya hutafuta la kusema.

"Vyovyote vile ni kuukuu," alimwambia Mbeyu. "Si bora tununue mpya tu, tumalize?"

Mbeyu alikuwa anapuliza masizi kwa pampu ya baiskeli na kuyapangusa kwa brashi laini ya rangi. Hakuinua kichwa.

"Bwana Ishaka, kiatu chako kikikatika kamba, wakitupa?"

"La. Nanunua kamba."

"Kikitoboka soli?"

"Nampelekea fundi."

"Kikitoboka soli, kikachanika juu, kisigino kikang'oka, na mguu wako nao umekua?"

"Ah! Hapo nanunua kingine."

"Basi na kompyuta ni vivyo hivyo. Ulijua kuhukumu kiatu kwa kuwa wakivaa kila siku. Kwanza jua kilichoharibika. Hapa ni feni tu, na feni zapatikana, tena si ghali. Halafu jiulize kazi yenu. Mkeo achapa barua na kadi. Mashine hii yatosha kwa barua na kadi?"

"Yatosha."

"Yangekuwa mengine kama ingekuwa kila mwezi yaharibika kitu kipya. Au kama gharama ya kuitengeneza ingekaribia nusu ya bei ya nyingine. Au vipuri vyake havipatikani tena. Au kazi imekua, mashine haiiwezi. Hapo ningekwambia nunua, wala usipoteze fedha kwa fundi. Uzee peke yake si ugonjwa."

Akaonyesha sanduku kwa brashi. "Lakini sikufichi jambo. Nilipoiwasha nilisikiliza diski ya ndani, ile inayoweka kazi zote. Imeanza kuchoka. Itafanya kazi mwaka, labda miwili, Mungu akipenda. Anzeni kuweka akiba sasa, kidogo kidogo. Siku ile mtasikia yakwaruza, msiitengeneze tena. Nunueni, na nakala zenu mtakuwa nazo mkononi."

Ishaka alikuna kichwa. Ile kompyuta nyeupe ilianza kufifia machoni mwake.

Mbeyu alilegeza skurubu za kisanduku cha chuma kilichokuwa nyuma, kile kinachogawa stima, akakitoa kizima. "Feni imo humu. Hiki nitakwenda nacho kazini. Na nyinyi msije mkajaribu siku yoyote kukifungua. Hukaa na stima ndani hata plagi ikichomolewa. Stima hiyo yaweza kumuua mtu."

Kesho yake jioni alirudi na kisanduku, ndani yake feni mpya. Akakifunga mahali pake, akasogeza meza mbali na ukuta, akaiwasha kompyuta. Bi Mwanatatu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake, kimekunjwa mara nne.

"Mwanangu Mbeyu," alisema, "hiki nikichome?"

"Kwa nini, mama? Kazi nzuri kama hii! Njoo kwanza. Lete mkono wako hapa nyuma."

Bi Mwanatatu akasogea kwa woga. Mbeyu akaushika mkono wake, akauweka nyuma ya sanduku. Upepo mdogo wa vuguvugu ukampiga kiganjani. Macho yake yakafunguka.

"Kumbe ina pumzi!"

"Hapa ndipo inapopumulia, mama."

"Nami nilikuwa nimeiziba pua." Akatikisa kichwa. Safari hii alicheka, na Ishaka, aliyekuwa akiogopa kucheka, naye akapata ruhusa.

"Kitambaa kina kazi yake," alisema Mbeyu. "Usiku, Mwanarehema akiisha kuizima na ikapoa, ndipo uifunike. Vumbi na chumvi ya hewa ya bahari visiingie. Asubuhi, kabla haijawashwa, kitolewe chote. Na udi, mama, ufukize chumbani kwako na kwa Ishaka na mkewe. Hapa usiku na mchana tuachie hewa."

"Na dua?"

"Dua haina masizi, mama. Isome tu."

Mwanarehema akaingia chumbani mwake. Alipotoka, alikuwa amezivaa bangili. Akakaa, akaanza kuchapa. Bi Mwanatatu akarudi jikoni kwake, na huko akasikia sauti aliyoizoea. Mchuzi ulikuwa umefurika ukamwagika nusu, lakini hakuna aliyemlaumu.

Bi Mwanasaumu alipata kadi zake usiku huo huo, siku ya pili kama alivyoahidiwa. Harusi ikafanywa Ijumaa, na Mwanarehema akacheza chakacha na bangili mikononi. Tangu hapo, nyumba ile ilikuwa na desturi mpya. Kila jioni diski ya nakala ilitolewa, ikawekwa kabatini. Kila mwezi kompyuta ilipulizwa vumbi ikiwa imechomolewa. Na kila usiku Bi Mwanatatu alisimama kando ya meza akauliza, "Imepoa?" Akijibiwa imepoa, ndipo aliifunika.

Ilifanya kazi miaka miwili na ushei. Siku moja Mwanarehema akasikia mkwaruzo ndani ya sanduku. Hakulia, hakukodi mkokoteni. Alimtazama mumewe, mumewe akafungua kabati. Akiba ilikuwapo, na nakala zilikuwapo.

Kompyuta mpya ililetwa kwa gari la duka. Kijana wa duka aliipanga mezani haraka haraka, akaisukuma mpaka ukutani ipendeze. Akarudi nyuma hatua moja, akajivunia kazi yake.

Bi Mwanatatu alikuwa amekaa pembeni na kitambaa mapajani. Akaitazama mashine juu mpaka chini.

"Baba," alimwuliza kijana, "hii nayo yapumulia wapi?"

Kijana akababaika. Akainama, akatazama nyuma, akaonyesha feni iliyobanwa ukutani.

"Basi isogeze," alisema Bi Mwanatatu. "Humu mna watu wanaoitegemea."

Kijana akaisogeza. Mwanarehema akavuta kiti, akaweka mikono juu ya kibodi, na bangili zikaanza kulia.